Dume la Kulazimishwa

Kofi lilinikuta nimebana lenzi ya kutengenezea saa jichoni. Ikaruka, ikapasukia ukutani.

"Tazama tena," mume wangu alisema.

Miaka kumi na moja imepita na shavu hili bado linaniwaka. Mimi ni fundi saa. Yeye alikuwa mchinjaji, mbabe wa mtaa mzima, na kipenzi chake kilikuwa tarantula, buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja. Alimwita Jemadari. Alishawatambia wachinjaji wenzake kwamba ni dume, na mmoja wao alikuwa na jike. Wakakubaliana kuwapandisha Jumamosi.

Sasa, jinsia ya mdudu yule husomwa kwenye gamba analojivua, na mume wangu akanipa nilisome kwa lenzi yangu. Nililoweka gamba kwenye maji ya uvuguvugu, nikalikunjua kwa kibanio, nikachungulia upande wa ndani wa tumbo. Palikuwa na kijifuko, kama mfuko wa shati la mtoto. Dume hana kitu hicho. Nikasema ni jike, nikala kofi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mwambie analotaka kusikia, yaishe." Ndivyo alivyoishi na baba mkwe miaka thelathini.

Nikachukua lenzi nyingine, nikajifanya natazama. "Nilikosea. Ni dume."

Akacheka, akanipigapiga mgongoni kama ng'ombe. Na mimi mjinga nikashusha pumzi.

Jumamosi mchana wakamtumbukiza jike wa mwenzake kwenye sanduku la kioo la Jemadari. Loo! Walirukiana papo hapo. Jemadari aling'olewa miguu miwili, kisha meno yakamzama tumboni, maji yake yakatapakaa kiooni.

"Dume hubisha hodi kwa miguu kwanza, bwana," mwenye jike alisema. "Hili lako jike!" Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Walipoondoka, mume wangu hakupaza sauti. Alinishika mkono wa kulia, huu unaonilisha, akavitia vidole viwili kwenye jiriwa la kubania vyuma mezani kwangu, akakaza.

"Ulisema dume."

Nilisikia mfupa ukikatika. Nikapiga mayowe, akakaza tena. Kisu kingekuwa karibu ningemuua, wallahi, na nisingelia. Nikisema kweli napigwa, nikidanganya navunjwa. Basi nilikuwa namwogopea nini?

Alipokwenda kuoga, mama mkwe akalilegeza jiriwa, akanifunga kanga mkononi, akanipeleka hospitali.

Daktari akauliza kumetokea nini. Mama akaniwahi: "Ameanguka."

"Sikuanguka," nilisema. "Ni mume wangu, kwa jiriwa. Andika."

Daktari akamgeukia mama mkwe. Mama alivitazama vidole vyangu kwa muda mrefu. Kisha akakaa sawa kitini, akamtajia jina kamili la mwanawe, taratibu, ili asikosee kuliandika.