Neno Alilolibadilisha Mkalimani

Mara tatu Mzee Kithaka alikuwa ameomba kutoka kwenye bodi, na mara zote tatu wenzake walimpigia makofi wakamrudisha kitini. Shirika lao la Siakago lilitetea wajane walionyang'anywa mashamba, na yeye, mkalimani mstaafu wa mahakama, ndiye aliyeheshimiwa kuliko wote. Hakulipwa hata nauli. Alikuja kwa baiskeli juani, akasoma mafaili ya wajane mpaka macho yakamuuma.

"Huyu mzee wetu alizaliwa na moyo wa haki," Nelius, mwenyekiti, alipenda kuwaambia wageni. Nelius hakuficha kilichomleta yeye mwenyewe: shemeji zake walimfukuza nyumbani kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Kithaka akiulizwa alijibu tu, "Nimestaafu, nina nafasi," na watu wakaona ni unyenyekevu.

Sababu yake ilikuwa ya mwaka wa 1987. Mjane aliyeitwa Wambeti alisimama mahakamani akaeleza kwa Kimbeere kwamba mumewe alimpa shamba mbele ya wazee wa ukoo. Hakimu alikuwa mgeni, Kimbeere hakijui. Asubuhi hiyo Bundi, shemeji ya Wambeti aliyelidai shamba hilo na naibu wa chifu, alikuwa amemsimamisha Kithaka langoni. Hakumtisha. Alimsalimia vizuri, akamuuliza watoto wanaendeleaje shuleni, akawataja wote wanne kwa majina. Basi Wambeti aliposema "alinipa", Kithaka alimwambia hakimu, "Aliniruhusu nilime." Wambeti akashindwa kesi, akahama na vyombo vyake kichwani.

Alhamisi moja mwaka wa 2014, kikao kikiendelea, aliingia mwanamke kutoka Karurumo. Jina lake Kagure. Alisema mama yake, Wambeti, alifariki katika chumba cha kupanga, na sasa wana wa Bundi wanauza shamba.

"Siku ya kesi nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Kiswahili nilikuwa nimeshajifunza shuleni. Mama alisema alipewa. Yule mkalimani akasema aliruhusiwa. Wakili ameniambia nikimpata mtu huyo aape, kesi inaweza kufunguliwa tena. Sura nimeisahau. Nisaidieni kumtafuta."

Nelius alimgeukia Kithaka akitabasamu. "Una bahati, mama. Mzee wetu alifanya kazi hiyo miaka mingi. Mzee, unamjua?"

Kiti cha Kagure kilikuwa kimeziba mlango. Kithaka alifunga faili lililokuwa mbele yake.

"Namjua," alisema. "Nipeni wiki moja."

Siku mbili baadaye alimfuata Nelius shambani kwake, akamkuta anavuna ndengu, akamweleza yote. Nelius aliketi chini pale pale.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulikuja kwetu?"

"Ndiyo maana. Nilifikiri nikifanya kazi ya kutosha hatia hiyo itaniondoka."

"Mwambie Kagure kwamba huyo mkalimani amekufa," Nelius alisema. "Tuna kesi za wajane sitini, Mzee. Zote zimepita mikononi mwako. Wapinzani wao wakijua, watasema ushahidi wote umeupinda wewe."

"Basi niache nitoke kwenye bodi."

"Utoke wiki hii? Watu waulize kwa nini? Utakaa, na utanyamaza." Alikuwa analia.

Kithaka alirudi nyumbani akisukuma baiskeli. Akisema, angewaangusha wajane sitini. Akinyamaza, angemwangusha mmoja mara ya pili. Siku ya saba alikwenda Karurumo. Kagure alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo.

"Mtu unayemtafuta ni mimi," Kithaka alisema, akiwa bado amesimama.

Kagure alimaliza kukamua shati aliloshika. Alilitandaza kwenye kamba, akalibana, akalinyoosha mikono.

"Mama alikuwa akilirudia lile neno," alisema hatimaye. "Akipika, analirudia. Mpaka anakufa alidhani ni yeye aliyelisema vibaya."

Aliinama akachukua nguo nyingine.

"Jumanne uje kwa wakili," Kagure alisema. "Mambo ya kusamehe usiniulize."

Aliapa. Wakili wa wana wa Bundi alimkazia macho mahakamani mjini Embu, akamuuliza kama alidanganya zamani au anadanganya leo. "Zamani," Kithaka alijibu, "kwa sababu niliogopa." Kesi ikakubaliwa kusikizwa upya, na uuzaji wa shamba ukasimamishwa.

Kwenye shirika, wajumbe wawili waliondoka kwa hasira. Hapo ndipo Kithaka alipokosa kabisa njia ya kutoka kwenye bodi: akipungua mmoja zaidi, bodi haiwezi kukutana, na hakuna anayetaka kuingia. Wajane kumi na moja walichukua mafaili yao wakaenda kutafuta msaada kwingine. Waliobaki wanasomewa mafaili na Nelius mwenyewe, na kazi yake Kithaka ni kuinua mkono wakati wa kura. Hakuna anayempigia makofi.

Kila mara kesi ya Kagure inaposikizwa, yeye huenda Embu mapema. Kagure hupita mbele yake kwenye ukumbi wa mahakama bila kumsalimu. Kithaka husimama mpaka apite, kisha huketi kungoja kuitwa kutoa ushahidi.