Foleni ya Meza ya Dirishani

Shati huanziwa kola, kisha mabega, kisha mikono, na mgongo huja mwisho. Hivyo ndivyo dada mkubwa alivyokuwa akinyoosha nguo kwenye meza ya ukutani, duka la dobi lilipofunguliwa asubuhi baada ya serikali kuzima mtandao. Mdogo wake, kwenye meza ya dirishani, alianza na mgongo, maana hajapata kusikia la mtu. Alipoinua pasi, shati la mhudumu wa hoteli lilikuwa na maandishi ya rangi ya chai: Kesho asubuhi, uwanja wa soko. Waambie wengine. Chini yake vilikuwepo vimoyo vyekundu, na vilikuwa vinaongezeka.

"Umeunguza," dada mkubwa alisema bila kugeuka.

"Sijaunguza. Ni ujumbe."

Dada mkubwa akaja, akasoma, akarudi mezani kwake. Akaongeza moto, akakandamiza pasi kwa nguvu zote. Shati lake likatoka jeupe pe.

Kufikia mchana mji mzima ulishajua kwamba ujumbe uliokosa pa kupita unapitia kwa dobi. Watu walileta mashati, mashuka, hata soksi. Picha nazo zilitoka: kwenye shuka moja askari walimburuta mwalimu kwa miguu, na waliendelea kumburuta mpaka kitambaa kilipopoa. Kuna waliosoma, wakatoka nje, wakalikunjakunja shati lilelile pale mlangoni, kisha wakapanga foleni upya ili wapate habari mpya. Mwenye duka alilalamikia bili ya umeme tu.

Foleni yote ilikuwa ya dirishani. Roho ilimuuma dada mkubwa, tena ilimuuma waziwazi, hata akashindwa kula. Ni yeye aliyemfundisha huyu mtoto kushika pasi. Vidole vyake ndivyo vilivyojaa makovu. Leo anayepiga mistari miwili kwenye mguu mmoja wa suruali ndiye anayeamkiwa na watu wazima kwa adabu! Mama yao, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuuliza habari za kazi, sasa alimsubiri mdogo mlangoni kila jioni ili asimuliwe.

Siku moja dada mkubwa aliwahi kazini, akaichukua pasi ya mdogo wake, akanyoosha pale pale dirishani. Kitambaa kikatoka kitupu. Mdogo alimkuta bado ameinama, akacheka.

"Labda wewe hakuna anayekuandikia, dada."

Ulikuwa utani. Ulimkaa kooni wiki nzima.

Asubuhi iliyotajwa kwenye shati, uwanja wa soko ulikuwa umejaa watu waliovaa mashati yaliyonyooka vizuri. Askari walipiga risasi. Mashati yakarudi kwa dobi yakiwa na matundu, yakafuliwa, yakapigwa pasi, yakatoa tarehe nyingine, na uwanja ukajaa tena.

Ndipo akaja mwanamume mmoja mpole, shati limetundikwa mkononi. Hakutaka foleni, kwa hiyo alikwenda meza ya ukutani. Alisubiri mpaka kola ikaisha, halafu akauliza kama ni pasi za duka hili ndizo zinazosema.

Dada mkubwa angeweza kujibu kwamba hajui. Alijua mtu yule ni wa serikali. Viatu vyake vilionyesha.

"Si pasi," alisema. "Ni yule wa dirishani. Mkono wake tu."

Mtu yule akaitazama kola, akasema kazi ni safi sana. Ilikuwa sifa ya kwanza aliyoipata tangu mtandao uzimwe, na ilimwingia vizuri.

Kesho yake walimchukua mdogo. Hakupiga kelele. Pale mlangoni, mikono imefungwa nyuma, aligeuka.

"Dada, nimalizie hilo la kijani. Mwenyewe anakuja jioni."

Dada mkubwa alilimalizia. Alipoinua pasi, mgongoni palikuwa pameandikwa kwa rangi ya chai: Nani amemtaja msichana wa dirishani? Lazima isemwe: kwanza alifurahi. Maandishi yalikuwa yametoka mkononi mwake. Baadaye ndipo alipoyasoma tena, taratibu.

Foleni ikahamia ukutani, ikatoka mpaka barabarani. Watu walimwita dada, wakampa pole. Kila nguo aliyoigusa iliuliza swali lilelile, na vimoyo viliongezeka mpaka vikafika kwenye mikono ya mashati. Mtandao haukurudi. Mkuu wa nchi alibaki ikulu. Mdogo hakuonekana gereza lolote ambalo mama yao alikwenda kuuliza.

Fundi viatu mmoja alipewa blauzi ya mkewe, akaisoma, akaikunja vizuri.

"Na wewe uliyekuwa naye humu ndani," alisema, "hujui ni nani?"

"Anayefuata," alisema dada mkubwa, akanyoosha mkono kupokea nguo.