Mashahidi wa Kijito

Miaka thelathini na moja Bi Nukta alikaa mbele ya meza ya hakimu akiandika maneno ya watu. Jina hilo la utani alipewa na mawakili, kwa kuwa hakuwa akimruhusu shahidi ateremke kizimbani kabla hajamsomea maelezo yake mpaka nukta ya mwisho. Alipostaafu, miguu ilistaafu kidogo na macho yakastaafu kidogo, lakini masikio hayakustaafu hata siku moja. Nyumbani, mke wa mwanawe aliogopa kumwambia kuwa sukari imekwisha, maana angeulizwa imekwisha lini, na mbele ya nani.

Basi mji ulipounda kamati ya kutoa tuzo ya amani, naye akaitwa. Walikuwa watu saba, wakikutana chumba cha juu cha maktaba, chini ya feni iliyolia kama mlango usiotiwa mafuta. Mwaka huo lilipendekezwa jina la fundi cherehani mmoja, mjane, aliyekuwa amepanda miti na mianzi kwenye kingo za kijito kinachopita kati ya mtaa wa wachoma matofali na mtaa wa wakulima wa mboga. Wachoma matofali walizoea kuchimba udongo kwenye kingo, maji yakawa tope, matuta ya mboga yakaporomoka, na watu wakapigana. Tangu miti ile iote, barua ya mapendekezo ilidai, ugomvi umekwisha.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, alivua miwani. "Jamani, hii ni tuzo ya amani. Aliyepanda miti apewe tuzo ya miti. Tukianza hivi, kesho tutaletewa mtu anayezibua mitaro."

"Mwenyekiti," alisema nesi aliyekuwa mjumbe, "mimi ndiye niliyekuwa nikiwashona vichwa. Kila kiangazi. Siku hizi siwaoni."

"Kutowaona si ushahidi. Labda wamepata zahanati nyingine."

Watu wakacheka. Bi Nukta hakucheka, ingawa kwa shaka alikuwa upande wa mwenyekiti. Maishani mwake alikuwa amewaandika watenda wema wengi, na wengi wao walikuwa upande wa washtakiwa.

"Nitakwenda kuangalia mwenyewe," alisema.

Alikwenda asubuhi, viatu mkononi, maana njia ilikuwa na umande. Hakuweza kukataa kwamba mahali penyewe palipendeza. Mianzi ilikuwa imeushika udongo kama vidole, na maji yalipita yakionyesha mawe chini. Akamkuta msimamizi wa wachoma matofali, akamuuliza habari za ugomvi.

"Tangu mama apande, kijito hakina upande," alijibu yule.

Akavuka ubao, akamuuliza mkulima aliyekuwa akipalilia. "Tangu mama apande, kijito hakina upande."

Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akifua nguo. Naye akasema hayo hayo, tena huku akitazama povu.

Hapo machale yakamcheza Bi Nukta. Watu walioona jambo moja hawalisemi kwa namna moja. Mmoja atakumbuka shati, mwingine atakumbuka kelele, wa tatu atabisha kwamba ilikuwa Jumanne. Wakisema neno kwa neno kama kasuku, basi kuna aliyewakaririsha, na hakuna akaririshaye watu ukweli.

Kulikuwa na jambo jingine. Mwanamume mmoja mrefu, mabega mapana, alikuwa akimwagilia miche michanga peke yake, ndoo baada ya ndoo, na hapakuwa na mtu aliyemsalimu. Bi Nukta alipogeuka kumfuata, msimamizi alimwahi.

"Huyo hana maneno, mama. Mwache tu."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa fundi cherehani, akiwa na sketi ya kupunguzwa. Fundi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, pini nne mdomoni, futi ya kupimia shingoni.

"Nani anayewafundisha watu wako maneno?" Bi Nukta aliuliza kabla hajakaribishwa kiti.

Fundi alitema pini kiganjani. "Maneno gani, dada yangu?"

"Kijito hakina upande."

"Aa. Watu wanapenda misemo."

"Na yule bwana anayemwagilia peke yake?"

"Anapenda miti." Akainama, akaanza kukanyaga cherehani kwa haraka. Sindano ilipanda na kushuka kwenye upindo wa sketi, lakini uzi ulikuwa umekatika zamani, na mwenyewe hakuona.

Bi Nukta alirudi nyumbani akiwa na orodha ya tuhuma. Huenda mama huyu anapanda miti ili kesho adai ardhi. Huenda yule bwana ni mpenzi wake wa siri. Huenda watu wanamwogopa. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba watu wale walikuwa wamefunika kombe, na yeye ndiye mwanaharamu waliyetaka apite.

Yule mfuaji nguo alikuwa amemwambia, katika kupoza maneno, kwamba fundi ana binti mmoja mtu mzima, msusi, mwenye saluni nyuma ya soko. Kesho yake Bi Nukta akaenda kusukwa.

Msusi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, mwenye miwani myeusi humo humo ndani. Alimkalisha Bi Nukta mbele ya kioo, akashika kitana. Ncha ya kitana ilipita katikati ya kichwa, ikasimama, ikarudi.

"Nivumilie, mama. Mstari nauona kwa upande mmoja tu."

"Jicho limepatwa na nini?"

"Mwiba."

"Wa mti gani?"

Mikono ilitulia kichwani. Kwenye kioo Bi Nukta aliona mdomo wa binti ukicheka bila furaha. "Wewe ndiye wa kamati. Basi andika: tangu mama apande..."

"Hayo ninayo mara tatu. Nataka ya kwako."

Msusi alisuka mistari miwili mizima kabla hajajibu. Aliposema, alisema kama mtu anayeshusha mzigo kidogo kidogo. Miaka miwili nyuma mama yake alishikwa na homa, yeye akaenda kulinda miche badala yake. Yule bwana mrefu, mmoja wa wachoma matofali, akaja na sepetu kuchimba udongo mahali ambapo pande zote mbili zilikubaliana pasichimbwe. Binti akaushika mpini. Wakavutana. Kisha sepetu ikampiga usoni.

"Wakulima waliposikia, wakachukua mapanga. Ndugu zake nao wakaja na yao. Mama akainuka kitandani na homa yake, akasimama katikati ya maji, akawaambia, 'Binti yangu amesamehe.'" Aliuvuta msuko mpaka Bi Nukta akakunja uso. "Mimi nilikuwa hospitali, nimefungwa macho yote mawili. Nilisamehe nikiwa sipo."

"Na polisi?"

"Nani angewaita? Walikaa pande zote mbili wakakubaliana lisitajwe tena, na atakayeulizwa ajibu kwamba kijito hakina upande. Yeye adhabu yake amwagilie miche kila asubuhi. Mama alisema damu ikianza kumwagika pale itafuata maji mpaka chini. Alisema kweli. Ndiyo inayoniudhi, kwamba alisema kweli."

"Amewahi kuja kukuomba radhi?"

"Anaimwagilia miti," alisema msusi. "Kwani miti ndiyo iliyopoteza jicho?"

Bi Nukta alitoka saluni na nusu ya kichwa ikiuma. Alikuwa amepata alichokitafuta, uongo wa mtaa mzima, na wala hakuufurahia. Alimkuta fundi dukani kwake.

"Binti yako hajasamehe," alimwambia. "Anasema hakuulizwa."

Fundi alikaa juu ya rundo la vitambaa. Alizungusha pete ya kushonea kidoleni.

"Niliogopa nikimuuliza atasema hapana," alisema. "Dada, mimi sikuanza na amani. Nilitaka udongo usiporomoke, basi. Walipokuja kuniambia ninachofanya ni amani, nikakubali, maana ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba nimeuza jicho la mwanangu ili mtaa ulale. Liondoe jina langu."

"Kuondoa si kazi yangu. Kazi yangu ni kuuliza. Na wewe uliza."

Jumamosi asubuhi fundi aliwaita watu wa pande zote mbili kijitoni. Walikuja shingo upande, wakasimama kila mtu kwenye ukingo wake. Msusi alifika mwisho. Mama yake alimsogelea.

"Mwanangu, nilisema umesamehe. Sikukuuliza. Leo nakuuliza mbele yao."

"Sijasamehe," alisema msusi. Minong'ono ikapanda. Akangoja ishuke. "Kesi sitaki, kisasi sitaki. Nataka aseme kwa mdomo wake, ili nikiulizwa habari za jicho nisiwe nasema mwiba."

Yule bwana alitua ndoo. "Ni mimi," alisema. "Nilimpiga kwa sepetu."

"Ulikusudia?" msusi aliuliza.

Bi Nukta, aliyewahi kusikia swali hilo mara elfu na kuandika 'hapana' mara elfu, alijua jibu litakavyokuwa.

"Ndiyo," alisema yule bwana. "Nilikuwa na hasira. Nilikusudia."

Mjomba wa binti aliruka kutoka upande wa bustani. Ndugu za yule bwana wakasogea. Ilibaki hatua mbili tatu watu waanze kuumizana, na fundi hakuwa na neno jingine la kusema. Ndipo msimamizi wa wachoma matofali, mtu mzito, akakaa chini palepale kwenye matope na suruali yake safi. Mkulima aliyekuwa mbele yake akamtazama, naye akakaa. Wakafuata wengine, wa huku na wa huku, mpaka waliosimama wakawa wachache na wakaona aibu.

"Nimesikia," alisema msusi. Akageuka, akaenda zake bila kumpa yule bwana mkono.

Bi Nukta alisoma taarifa yake mbele ya kamati bila kuruka kitu. Mwenyekiti alipiga meza kwa kalamu.

"Si nilisema? Pale hapana amani. Kuna uhalifu uliofichwa na watu wasiosameheana."

"Mwenyekiti, nimeandika ugomvi maisha yangu yote," alisema Bi Nukta. "Sikumbuki mtu aliyekuja mahakamani akasema tumegombania maji. Wote husema: alinitukana, alinisukuma, alimtazama mke wangu vibaya. Ukichimba chini ya tusi, unakuta ndoo, unakuta mpaka wa shamba, unakuta kivuli cha mti uliokatwa. Sisi tulihukumu matusi. Yule mama alikwenda kwenye ndoo. Amekosea, tena amemkosea mwanawe. Lakini alikwenda penyewe."

"Kwa hiyo unampigia kura?"

"Nampigia kwa shaka. Na iandikwe hivyo hivyo, kwa shaka."

Kura zikawa nne kwa tatu.

Siku ya tuzo fundi alimwomba bintiye wapande jukwaani pamoja. Binti alijibu kwamba siku hiyo ana wateja. Hivyo mama alipanda peke yake, akasema maneno machache ambayo kipaza sauti kiliyameza, akashuka na cheti akikishika mbali na mwili kama nguo isiyo yake.

Yule bwana mrefu hakuingia. Alisimama nje ya dirisha kwa shati lililopigwa pasi, ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Watu walipopiga makofi, yeye hakupiga. Bi Nukta, kitini pake, hakumtazama fundi wala mwenyekiti. Aliitazama mikono ile, akijiuliza kama ni ya mtu aliyetubu au ya mtu anayesubiri tu watu wasahau, na hakuacha kuitazama mpaka ukumbi ulipokuwa mtupu.