Mwenye Akili Timamu

Tangu daktari aandike kwamba nina usonji, kaka yangu amekuwa mwema kupita kiasi. Mtu ambaye hakuwahi kuuliza kama nimekula, sasa anauliza cheti kiko wapi na kama anaweza kukitolea kopi mbili. Wifi naye ananiletea chai dukani na kunisemesha polepole, utadhani yaliyopimwa ni masikio. Nina miaka thelathini na tisa, na nusu ya wanafunzi wa mji huu wanavaa sare nilizoshona mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu.

Niliposikia kopi moja imefika mahakamani, nikafunga duka, nikaenda kumuuliza karani wa huko. Hakunificha. Kaka alikuwa ameapa kwamba sielewi mambo, akaomba awe msimamizi wangu. Akikubaliwa, sitapanga chumba, sitauza hata cherehani yangu bila sahihi yake. Karani akaongeza kwamba cheti cha daktari peke yake hakimnyang'anyi mtu haki. Anayeamua ni hakimu. Niliogopa, lakini hasira ilizidi.

Siku ya shauri, kaka alinipa kiapo kwenye korido, kimeshachapwa.

"Saini hapa, mdogo wangu. Ni utaratibu tu."

Nina tabia inayowachosha watu: sisaini kitu bila kukisoma neno kwa neno. Nikasoma mara mbili, yeye akitazama saa. Kisha nikasaini, na wifi akashusha pumzi.

Hakimu, mama mmoja asiye na haraka, alikisoma kwa sauti. "Mimi, mwenye akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, nakiri kwamba sina uwezo wa kuelewa hati wala kujiamulia." Akavua miwani, akamuuliza kaka ashike lipi kati ya hayo mawili. Kaka akajitetea kwamba mchapaji wa pale nje huanza viapo vyote hivyo hivyo.

Hakimu akanigeukia mimi.

"Ulikisoma kabla ya kusaini?"

"Mara mbili, mheshimiwa. Nimesaini ili ujionee mwenyewe."

Akaniuliza mengine mengi, kuhusu duka, kodi na wateja, nami nikajibu yote. Ombi likatupwa kabla ya saa sita.

Kaka alinifuata hadi getini, jasho likimtoka.

"Uliliona kosa ukanyamaza. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishaapa kwamba sielewi," nikamwambia, nikaenda kufungua duka.