Miruko Elfu Sita Juu ya Godoro

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, ulimi wangu na ukauke.

Tulipofungiwa majumbani wakati wa korona, mjukuu wangu, beki wa kushoto wa timu ya wasichana, alifanyia mazoezi sebuleni. Kila asubuhi kocha alituma kazi kwenye simu yangu, maana ndiyo simu pekee tuliyokuwa nayo: kuruka kamba mara mia tatu, kuchuchumaa mara mia, kukokota mpira katikati ya chupa. Jioni mimi nilituma hesabu. Viwanja vikifunguliwa, wenye pumzi wangepandishwa timu kubwa. Walegevu, kwaheri.

Siku ya tatu, fundi cherehani wa ghorofa ya chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

"Mzee! Umefuga tembo humo?"

"Nimefuga beki! Mbona cherehani yako inanguruma kama trekta na sisi tunanyamaza?"

"Nampigia mwenye nyumba!"

Akampigia kweli, mnoko yule. Tukaambiwa kikisikika kishindo tena, tuhame. Mtoto akahamia juu ya godoro. Miguu inazama, kamba inanasa; mia tatu ikawa sabini. Jioni kocha akaandika mbele ya timu nzima: "Beki wa kushoto, umelala?"

Damu ilinichemka. Yeye ana ua mpana nyuma ya nyumba, anajua nini kuhusu godoro? Kesho yake nikaandika mia nne. Keshokutwa, elfu moja. Akajibu, "Safi sana!" Hapo ndipo nilipopandwa na mori hasa. Kumbe jasho la kweli halimtoshi! Nikampa elfu sita, nikaongeza kwamba kwa kishindo hicho saa ya ukutani ya fundi ilirudi nyuma dakika kumi. Hiyo ya saa si uongo, kamuulizeni.

Kocha akapiga simu. Mjukuu akaiwahi. Nikaona uso wake unakakamaa.

"Babu, kocha anasema nimejichosha kupita kiasi, nitaumia. Amenipumzisha wiki tatu. Majaribio ya timu kubwa kwa video ni Jumamosi, na ameniondoa!"

"Yule fundi ndiye..."

"Elfu sita, babu?" Hakulia. Angelia ningepona. "Mimi niliruka sabini! Sabini zangu! Umezifuta zote, umeweka zako!"



Akawapigia kwa video kocha na timu nzima, akanielekezea simu. "Sema."

Nikasema. Godoro, fundi, elfu sita, vyote. Kocha alikunja uso mpaka nikadhani simu imekwama.

"Sabini kwenye godoro, kila siku?" akauliza. "Mbona hamkuniambia? Jumamosi aje. Lakini wewe mzee umenifanya mjinga. Hizo elfu sita utaziruka mwenyewe, hapo hapo juu ya godoro, mia kwa siku, na yeye ndiye atakayehesabu."

"Kocha, magoti yangu..."

"Na saa ilirudi nyuma kwa magoti ya nani?"

Wasichana kumi na watatu wakaangua kicheko. Mjukuu wangu hakucheka. Alinikabidhi kamba, akaegemeza simu kwenye chupa ili wote waone vizuri. Nikavua kandambili, nikapanda godoroni, nikaruka.

"Moja," akasema.

Nikaruka tena.

"Moja."

"Mama, hiyo ni ya pili!"

"Kamba imekugusa kidole, babu. Moja."