Picha Iliyofunika Hisa za Baba

Kifungua mimba aliingia ofisi ya mirathi na fremu kwapani, mama yake akimfuata unyounyo. Ndani ya fremu mlikuwa na cheti cha hisa za marehemu baba. Enzi za uhai wake, kwa fahari tu, mzee alibandika picha yake ndogo katikati ya cheti.

Karani alikitoa cheti kwenye fremu, akakitazama.

"Bei ya siku aliyofariki ninayo. Lakini niizidishe kwa hisa ngapi? Idadi imefunikwa na picha. Ibandueni, la sivyo fomu yenu ya mirathi inarudishwa mara ya tatu."

"Nimbandue mume wangu mbele za watu?" Mama alikuja juu.

Kifungua mimba alichukua kalamu. "Basi mama, tuandike sifuri?"

"Sifuri? Mtu aliyejinyima sigara miaka kumi anunue hisa, leo aandikwe sifuri?"

Mama alilowesha leso, akasugua kingo za picha polepole. "Sogea kidogo, baba watoto, wenzio wafanye kazi."

Chini yake palisomeka hisa mia sita na arobaini. Karani alizidisha, akagonga muhuri, kisha akafungua droo na kumpa mama gundi.

Safari hii mama alimbandika pembeni.