Picha za Damari

Mke wangu ana picha za mtoto wetu kwenye simu na hataki nizione. Mtoto mwenyewe hayupo tena. Naanza hivi ili usije ukadhani ni kichekesho, maana watu wa hapa kwetu Mwankoko wakiniona tu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Kazi yangu ni kupiga picha. Harusi, komunio, mahafali ya chekechea, yote napiga. Chuo nilisoma Dodoma, takwimu, mwaka mmoja na kitu, halafu mimi na chuo tukachokana. Nina picha za watoto wa watu mpaka kompyuta inalalamika imejaa. Ya wangu sina hata moja.

Kwa kina Eliana, mke wangu, huko Mgori, mtoto wa kwanza analelewa kwa mama wa binti. Baba hasogei mpaka kitovu kidondoke, ndipo anakwenda kumwona, na sukari na vitenge mkononi. Kabla ya hapo mtoto anakaa ndani, dirisha limefungwa, mwanga mkali usimpige usoni. Na mama mkwe wangu, Mama Febronia, alishasema picha zisitumwe kwa mtu, hata baba. Eliana alinipigia tu simu akaniambia ni wa kike, ana nywele nyingi, tumwite Damari, jina la mama yangu. Nikamwambia basi nitumie hata unyayo. Akacheka, akasema subiri, Baba Damari. Nikasubiri. Nikanunua sukari.

Kitovu hakikudondoka. Mtoto alishikwa na homa, wakamkimbiza zahanati, akafia njiani. Na mtoto wa hivyo, kwao, wanazika wanawake peke yao, pembeni ya nyumba, siku hiyohiyo, bila matanga. Wanaume wanaambiwa kazi ikishaisha. Nilipofika na pikipiki nilimkuta shangazi yake Eliana anaosha jembe. Akanipa pole, akanionyesha kwa kidevu sehemu ambayo udongo ulikuwa bado mbichi. Nikasimama pale. Hapakuwa na kitu cha kuangalia.

Tangu siku hiyo narudi Mgori kila nikipata nafasi. Eliana bado hajatoka arobaini ya uzazi, yuko ndani chumbani kwa mama yake, na chumbani kwa mama mkwe, mkwe wa kiume haingii, hilo hata mlevi analijua. Kwa hiyo nakaa nje, juu ya gunia la alizeti, chini ya kidirisha, tunaongea. Simwoni, namsikia tu. Mama mkwe akipita mimi naangalia pembeni, naye anaangalia pembeni. Shikamoo yangu inaishia kwa mbuzi, nao hawaitikii.

Picha nimeziomba kwa upole. Nimeziomba kwa hasira. Nimeziomba nikilia, halafu nikasingizia mafua. Siku moja nikaazima laini ya jirani, nikamtumia ujumbe: "Mpendwa mteja, picha zote zilizomo kwenye simu yako zitafutika leo. Kuziokoa, zitume kwa namba hii." Jibu halikuchelewa: "Mpendwa kampuni, mwambieni mume wangu awe anakula. Mama anasema amekonda."

Kumbe mama mkwe huwa ananiangalia. Nilicheka peke yangu juu ya pikipiki, halafu kile kicheko kikageuka kitu kingine, ikabidi nisimame pembeni ya barabara mpaka kipite.

Watu wananiuliza alifanana na nani. Wanauliza kwa nia njema kabisa. Nawajibu alifanana na mimi, maskini, wanacheka, tunaendelea na mengine. Lakini nikimpiga picha mtoto wa mtu kwenye ubatizo kidole kinagoma kubonyeza. Najiuliza labda pua ilikuwa hivi. Labda mashavu ndiyo haya. Nimeshaharibu ubatizo wa watu kwa ajili hiyo, mtoto anamwagiwa maji mimi nimeshusha kamera.

Jumamosi iliyopita nikafika Mgori nimechoka hata kuchekesha.

"Mama Damari," nikasema pale chini ya kidirisha, "picha isiyoonwa na mtu ina kazi gani? Si sawa tu na hukupiga?"

"Naiona mimi."

"Na mimi ni baba yake."

"Wewe unapiga ili watu waone," akasema. "Mimi nilipiga kwa sababu alikuwa hapa."

Nikamwambia sitaziweka mtandaoni, sitazichapisha, sitachora mshumaa pembeni. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Halafu tukakumbuka wote wawili jina hilo ni la nani tena.

"Baba Damari," akasema baadaye, kwa sauti ya chini, "ni nyeusi."

"Nini nyeusi?"

"Picha. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mwanga wa simu niliuzima, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nikiangalia namwona, kwa sababu najua alikuwa amelalaje. Sasa wewe ndiyo fundi. Ukiangalia ukasema hapa hakuna kitu, na mimi nitaanza kuona hakuna kitu. Nitabaki na nini?"

Nikamwambia kuna programu ya kung'arisha picha za giza. Mdomo ulishasema kabla kichwa hakijafika.

"Itanipa uso wake?"

Hapo nikakumbuka kazi moja. Programu hiyohiyo niliitumia kwa familia moja ya Ikungi waliotaka picha ya marehemu bibi yao, ya kubebwa mbele ya jeneza. Picha ilikuwa na ukungu. Ikatoka safi kabisa, bibi anatabasamu na meno yote, na bibi wa watu alizeeka kibogoyo. Familia ilifurahi. Kwa Damari ingenitolea mtoto mzuri sana, wa mtu yeyote.

"Hapana," nikasema. "Itatunga."

Nikasikia kitanda kinalia. Kisha mkono wake ukatoka dirishani na simu. Mkono wenyewe ulikuwa umepungua, nikaushika kwanza, ndipo nikachukua simu.

Jua lilikuwa kali. Kwenye kioo niliona kofia yangu, pua yangu na wingu. Nikafunika kwa koti, nikaingiza kichwa humo kama tunda linalovundikwa kwenye gunia. Weusi tu. Chumbani Eliana alikuwa anasubiri jibu. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema nimemwona, mzuri, amefanana na wewe. Uongo wa hivyo kwangu ni kazi rahisi.

"Huku nje kuna jua," nikasema. "Sioni. Sijasema hakuna."

"Basi njoo huku kwenye giza."

Nikainuka. Mlangoni Mama Febronia alikuwa anapepeta, amekaa katikati kabisa. Nikasimama mbele yake kama mwizi, simu mkononi, nikiangalia mbuzi. Akauvuta ungo wake pembeni. Nikapita. Mara nikasikia mlango unafungwa nyuma yangu, taratibu, hadi ufito wa mwisho wa mwanga ukaisha.

Eliana alikuwa kitandani, kidirisha ameshakifunga. Nikakaa chini, akashuka akakaa karibu yangu. Mwanzoni kwenye simu ulikuwa weusi uleule. Kisha macho yakazoea, weusi ukaanza kuachana na weusi mwingine. Hapa blanketi. Hapa ukuta.

"Usitafute uso, alikuwa amegeukia kule," akasema. "Anzia hapa." Akachukua kidole changu akakiweka. Chini yake palikuwa na kitu kidogo kimejikunja.

"Sikio," nikasema.

"La kushoto."

Ukinipeleka mahakamani siwezi kuapa kama nililiona au niliambiwa. Nililiangalia mpaka kioo kikafifia, nikakigusa kikawaka, nikaliangalia tena.

"Nionyeshe nyingine."

Akaizima simu, akaibana kifuani. "Hiyo ni yako. Zilizobaki niachie."

Nikabaki pale gizani nimeikalia mikono yangu, maana ilitaka kumnyang'anya. Nje, Mama Febronia alikuwa bado ameushikilia mlango.